Makaburi ya Lothagam yaandikwe kabla ardhi ya jamii haijasajiliwa

Mhariri,

Hapa Turkana mazungumzo ya kusajili ardhi za jamii yamefika hadi chini ya miti wanakopumzika wazee. Watu wanauliza mpaka utapita wapi, malisho ya kiangazi yatabaki mikononi mwa nani, kisima kitaangukia upande gani. Ni maswali ya haki, nami pia nayauliza. Lakini lipo moja ambalo sijalisikia katika kikao chochote nilichohudhuria: makaburi ya kale yaliyo ndani ya ardhi hiyo yataandikwa wapi, na nani atayasemea?

Nazungumzia hasa Lothagam, vile vilima vya miamba iliyoinuka mshazari upande wa Kerio, kusini magharibi mwa Ziwa Turkana. Wageni wengi wanaovijua wanavijua kwa mifupa ya wanyama wa mamilioni ya miaka. Mimi sina neno juu ya wanyama hao. Nataka wasomaji wako wajue kwamba pale pale, juu ya mchanga ambao zamani ulikuwa ufuo, kuna jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na ndani yake wamelazwa watu wasiopungua 580.

Mimi ni mwashi. Nimejenga kwa mawe hapa Lodwar tangu ujana wangu: misingi ya maduka, kuta za madarasa, matangi ya maji. Sikusomea historia wala akiolojia. Niliyoyajua kuhusu Lothagam niliyapata kwanza kwa macho, kisha kwa kuwauliza waliosoma, na matokeo ya uchunguzi yalipochapishwa mwaka wa 2018 nikaomba mtoto wangu anisomee na kunieleza. Waliochunguza ni kundi la wanaakiolojia wakiwemo Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk, wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Naandika kama mtu anayejua uzito wa jiwe.

Kazi ile ilifanywa hivi. Watu walitenga uwanja wa duara, wakauzungushia mawe makubwa. Katikati wakachimba mchanga hadi wakafika kwenye mwamba, wakapata shimo la karibu mita mraba 120. Msomaji anayejenga atanielewa: hilo ni eneo la nyumba nzima yenye vyumba vitatu, na walilichimba bila chuma. Hawakuwa na sururu, hawakuwa na mtaimbo. Humo wakawa wanalaza wafu wao, kizazi baada ya kizazi, kwa karne kadhaa, mmoja karibu na mwingine, mpaka shimo likajaa. Lilipojaa hawakuliacha wazi. Walilifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo ndefu juu yake, nyingine zikitolewa umbali wa hadi kilomita moja. Kando yake wakaongeza duara za mawe na marundo mengine madogo.

Nguzo hizo nyingi ni za basalti. Lava inapopoa polepole hujipasua yenyewe, ikawa miti mirefu ya jiwe yenye pande bapa, kwa hiyo mtu halazimiki kuichonga. Kazi ni kuitoa mlimani bila kuivunja, kuivuta mchangani na kuisimamisha ikae wima. Nimewahi kusimamisha jiwe la aina hiyo kwa kamba na vijana wenye nguvu, kwenye lango la mteja, nalo lilikuwa fupi kuliko mengi ya Lothagam. Tulimaliza tumechoka vibaya, ingawa tulikuwa na toroli, mbao na maji ya kunywa ya kutosha. Ndiyo maana siwezi kumsikiliza mtu anayeyaita yale mawe ya bure.

Haya yalifanyika kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Watoto wetu wanafundishwa shuleni kuhusu piramidi kubwa ya Giza, na ni vizuri wafundishwe. Lakini kazi ya Lothagam ilikuwa imeshaanza kabla jiwe la kwanza la piramidi hiyo halijawekwa. Mtoto wa darasa la sita hapa Lodwar anaweza kukuchorea piramidi ya Misri, na hajui kwamba kaunti yake ina ujenzi ulioitangulia. Jambo hili linaniuma.

Lakini umri wa kazi yenyewe siyo unaonigusa zaidi. Kinachonigusa ni waliozikwa na jinsi walivyozikwa. Watafiti walichimba sehemu ndogo tu ya shimo, kisha wakakadiria idadi ya wote kutokana na msongamano wa waliowakuta. Walikuta wanaume na wanawake, wazee, vijana, watoto na hata watoto wachanga. Karibu kila mmoja alikuwa na pambo lake. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete na bangili za meno ya kiboko, shanga za mawe ya rangi ya kijani, ya waridi na ya zambarau ambayo mtu hayaokoti tu popote njiani. Mmoja alivishwa kichwani pambo lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wa jangwani, meno 405, yaliyotoka kwa panya zaidi ya mia moja. Hebu fikiria subira ya aliyelitengeneza! Kumnasa panya mmoja mmoja, kung'oa meno membamba kama sindano, kuyapanga. Na aliyefanya kazi hiyo alijua kwamba itaingia kaburini.

Watafiti walitafuta kaburi la mkubwa wa watu hao. Hawakuliona. Hapakuwa na mtu aliyetengewa kona yake, wala aliyerundikiwa mali huku jirani yake akilazwa mtupu. Kwa muda mrefu wataalamu wa dunia walishikilia kwamba ujenzi mkubwa wa kale lazima uwe na mfalme nyuma yake: mmoja anaamuru, wengi wanabeba. Hapa walikuta wafugaji, watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, wasio na mji wala ikulu, waliokubaliana wenyewe kubeba mawe kwa ajili ya kila mfu wao, mpaka mtoto ambaye hajaota meno. Sisi tunaozika siku hizi, ambapo ukubwa wa kaburi unafuata ukubwa wa mfuko, tuna la kujifunza hapo, na silisemi kwa kumkejeli yeyote.

Kwa nini walijenga? Wafugaji wale ndio wa kwanza kabisa kufika na mifugo katika sehemu hii ya Afrika. Walikuta ardhi inayobadilika miguuni mwao. Mvua zilizokuwa zimeifanya Sahara kuwa kijani zilikuwa zinakatika, na ziwa ambalo leo tunaliita Turkana lilikuwa linashuka kwa makumi ya mita, likiacha ufuo mpana wa mchanga na malisho mapya. Watafiti wanaona kwamba katika hali hiyo ya wasiwasi watu walihitaji mahali pa kukutana, kupashana habari za malisho na maji, kuonana na ndugu waliotawanyika. Mahali hapo palikuwa kwa wafu wao. Mtu wa Turkana haelezwi mara mbili jambo hili. Tumetoka juzi tu katika ukame uliomaliza mifugo, mvua zikikosekana msimu baada ya msimu, na wakati huo huo ziwa likapanda likameza nyumba za wavuvi na mitende kule Kalokol. Tunajua inavyokuwa maji yanapohama na mtu asijue aende wapi.

Sasa nifikie kilichonifanya nishike kalamu.

Kuna mwenye jengo aliyeniletea lori la mawe ya msingi. Jiwe lililovunjwa machimboni linajulikana: sura yake ni mpya, kingo zinakata, rangi ni moja. Yale hayakuwa hivyo. Kila jiwe lilikuwa na upande mmoja mweusi, umeng'azwa na jua na upepo wa miaka isiyohesabika, na upande wa chini ulikuwa na utando mweupe kama chokaa. Jiwe hupata hali hiyo likikaa mahali pamoja bila kugeuzwa kwa muda mrefu mno. Tena yalilingana ukubwa, kama yaliyochaguliwa kwa mkono. Nilimwita dereva.

"Kijana wangu, mawe haya umeyatoa wapi?"

"Fundi, kuna rundo kando ya laga, ule mto mkavu huko mbele. Halina mwenyewe."

Nilimwambia mwenye jengo sitayajengea. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akaita mafundi wengine. Msingi upo na jengo limesimama juu yake. Simtaji, kwa sababu hakuvunja jambo alilolijua, na kumtaja hakutarudisha jiwe hata moja.

Rundo lile halikuwa Lothagam. Lilikuwa moja ya marundo mengi yaliyotapakaa katika nchi hii, mengine ya kale sana, mengine ya juzijuzi, na mtu wa kawaida hawezi kuyatofautisha kwa kuyatazama. Lakini neno la yule kijana ndilo linalonitia hofu kwa ajili ya Lothagam. Halina mwenyewe. Mawe yale ya juu hayakuwekwa kwa urembo. Ndiyo kifuniko. Ukiyaondoa, upepo unabeba mchanga, mvua moja kubwa inachimba mfereji, na mifupa iliyolala miaka elfu tano inatoka nje ndani ya misimu michache. Ukiyarudisha kesho, umerudisha mawe tu. Mpangilio uliokuwa unamweleza mtaalamu nani alilazwa kabla ya nani umepotea, na hakuna fundi wa kuurekebisha.

Nitasema wazi jambo ambalo wengine wanalikwepa. Waliozikwa Lothagam si babu zetu tunaowajua kwa majina. Sisi Waturkana tulifika bonde hili karne chache tu zilizopita, tukitokea upande wa magharibi, na hadithi zetu zinasema hivyo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Fundi, hao si wetu, waache na wenyewe." Nilimjibu kwa adabu: mzee, wenyewe hawapo. Watu waliowalaza pale wamechanganyika na kutawanyika, hakuna ukoo unaoweza kusimama leo useme huyu ni nyanya yangu. Kaburi la baba yangu lina mimi. Kaburi la jirani lina watoto wake, na mtu akithubutu kuligusa patakuwa na kesi. Lothagam kuna watu 580 na zaidi, na hakuna hata mmoja mwenye mtoto wa kumpigia kelele. Sisi tunaochunga juu ya ardhi yao, tunaokunywa maji ya ziwa lao, tusipokuwa jamaa zao, nani atakuwa?

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tangu utotoni alifundishwa asikalie mawe kama yale wala kuyachezea. Nikamwambia hicho ndicho ninachokiomba, ila sasa kiandikwe.

Kwenye barabara ya Lodwar kwenda Kalokol kuna nguzo nyingine za basalti ambazo wengi wameziona. Wazee husimulia kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Mwaka wa 1978 watafiti waliandika kwamba zimepangwa kufuata nyota, wengine baadaye wakapinga, na ubishi huo siuingilii. Ninachojua ni kwamba hadithi ya wacheza ngoma imezilinda nguzo zile kuliko bango lolote. Mpita njia huweka kijiwe juu yake na kuendelea na safari. Lothagam haiko barabarani na haina hadithi inayojulikana na kila mtoto. Ng'ambo ya ziwa kuna Jarigole, kaburi la nguzo la aina ile ile, lakini lenyewe liko upande wa Sibiloi, penye mbuga ya taifa na askari wa wanyamapori. Lothagam ina nani?

Sheria ipo, sisemi haipo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakataza mtu kuchimba vitu vya kale bila leseni na inataka atakayevikuta atoe taarifa. Katiba ya 2010 nayo imegawa kazi: maeneo na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, utamaduni na makavazi ya mashinani ni ya kaunti. Lakini dereva wa lori hasomi Katiba anapopakia mawe. Anatazama kama kuna mtu wa kumkataza.

Mtu huyo anaweza kupatikana kupitia Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na hapa ndipo ombi langu lilipo. Sheria hiyo inaruhusu jamii inayosajili ardhi yake kutenga sehemu kwa matumizi maalumu, na miongoni mwa sehemu hizo imetaja maeneo ya kitamaduni na ya kidini. Nafasi imeachwa tayari, ni sisi tu tuijaze. Inasema pia kwamba kabla ya ardhi kupimwa na kusajiliwa, tangazo hutolewa na watu hupewa siku 60 za kuwasilisha madai yao. Waliolala Lothagam hawatawasilisha dai. Siku hizo zikipita kimya, ramani itachorwa, na ndani yake eneo lile litakuwa malisho tu, au mahali pa kuchotea kokoto. Baadaye atakuja mwekezaji na karatasi iliyosainiwa, naye atakuwa na haki ya kuuliza: mbona hamkusema mapema?

Kwa hiyo naziomba kamati za ardhi za jamii, hasa za upande wa Kerio, zifanye jambo hili kabla ya kupeleka karatasi zao: ziorodheshe kila kaburi la nguzo na kila rundo la mawe wanalolijua wachungaji, ziyaonyeshe kwa mpimaji ardhi, na ziyaandike kuwa eneo la kitamaduni lisiloguswa. Naiomba wizara ya kaunti inayoshughulikia utamaduni itume mtu akae na wachungaji hao, kwa sababu mchungaji anajua marundo yaliko kuliko ofisi yoyote. Na naiomba kaunti iwalipe wachache wao, hata kidogo kila mwezi, wawe walinzi. Askari atakayetumwa kutoka mbali atakaa kwenye kivuli cha gari lake. Mchungaji anapita pale kila siku na mbuzi wake, na alama ya tairi la lori anaiona asubuhi hiyo hiyo.

Watu wengine wamependekeza uzio. Mimi sikubaliani nao. Nguzo ya uzio inahitaji shimo, na hujui unachimba juu ya nani. Bango kubwa la kando ya barabara nalo linanitia wasiwasi, maana siku hizi katika kaunti yetu watu wengi wanatafuta dhahabu, na anayesoma neno "kale" anaweza kufikiri ni hazina. Hazina pekee iliyomo ni shanga na meno ya panya, lakini atajua hivyo akiwa ameshaharibu. Ramani iliyosajiliwa, mlinzi wa pale pale na watoto waliofundishwa vitafaa zaidi.

Kuhusu watoto, hapa Lodwar kila mtu anaweza kukuelekeza kwenye nyumba alimozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta baada ya kutolewa gereza la Lokitaung. Vizuri. Kwa nini pasiwe na chumba mjini hapa chenye picha za Lothagam, mfano wa lile jukwaa, na nakala za shanga zile? Tamasha la Tobong'u Lore huleta maelfu ya watu mjini, pamoja na akina mama wetu waliovaa shanga shingo nzima. Ningependa mama mmoja wa hao aoneshwe shanga za kijani za miaka elfu tano, aseme yeye mwenyewe zilitungwaje. Nina hakika ataona mambo ambayo mimi na maprofesa hatukuyaona. Makavazi ya Kitaifa wanaweza kulifanya hili kwa gharama ndogo, na ni haki ya mahali vilipotoka vitu hivyo.

Nina ombi pia kwa wenzangu waashi wa Turkana. Lori likija, geuza jiwe kabla hujaliweka. Ukiona upande mmoja mweusi na mwingine una utando mweupe, na mawe yamelingana, muulize dereva. Machimbo yapo, na jiwe jipya lililovunjwa linashika zege vizuri zaidi kuliko lile la kale lililolainika kwa upepo, kwa hiyo hata mteja hapotezi kitu. Tukikataa sote, hakuna atakayepata faida kwa kubomoa makaburi.

Kamati yoyote ya ardhi kati ya Lodwar na Kerio ikihitaji mtu wa kutembea na mpimaji kumwonyesha marundo, niko tayari kwenda bila malipo. Nalijua eneo hilo kwa miguu, na wapo wachungaji wawili watatu wanaolijua kunishinda ambao wamekubali kuja nami.

Wako,
Fundi mwashi,
Lodwar, Turkana